Mwaliko peke yake haumleti mkwe

Mtoto wa Nyankunde, kijiji chetu cha Ituri mashariki mwa Kongo, akioa au kuolewa Ulaya au Amerika, siku moja suala la wakwe litafika mezani. Mume wa huko anawajua wazazi wa mkewe kwa sauti ya simu na picha za WhatsApp tu. Mjukuu amezaliwa, na bibi yake mzaa mama hajampakata. Basi wanaandika barua ya mwaliko, wanaambatanisha hati za mshahara, mkataba wa nyumba, hata picha ya chumba walichokwisha kuandaa. Baada ya wiki kadhaa jibu linarudi, nalo ni hapana. Hapo lawama huanza. Huku kijijini wanasema mkwe hakujitolea vya kutosha. Ughaibuni wanasema ubalozi hauwataki Wakongo. Na kila upande unaamini kwamba barua nyingine, yenye muhuri mkubwa zaidi, ingefungua mlango.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinahangaikia karatasi isiyo yenyewe. Barua ya mwaliko inaeleza mgeni atalala wapi na nani atamlisha. Afisa wa viza ana swali lingine: wiki sita zikiisha, kitu gani kitamrudisha mzee huyu kwake? Jibu haliko Liège wala Ohio. Liko hapa hapa, katika shamba, zizi, kanisa na wajukuu wanaomtegemea, na ugumu wake ni kwamba halijaandikwa popote. Kutengeneza dosye ya viza kwa familia zetu ni kuyaweka kwenye karatasi maisha ambayo hayakuwahi kuhitaji karatasi.

Swali la afisa linatoka wapi

Tuanze na Marekani, kwa kuwa sheria yake ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Kifungu cha 214(b) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya 1952 kinamwagiza konsuli amhesabu kila anayeomba viza ya matembezi kuwa mhamiaji, mpaka mwenyewe athibitishe kwamba sivyo. Mzigo wa kuthibitisha uko begani mwa mwombaji, si begani mwa mwenyeji wake. Ndiyo maana mwaliko wa daktari mwenye nyumba ya ghorofa unaweza kugonga mwamba sawa na wa mfanyakazi wa ghala. Barua si sharti la viza hiyo, na konsuli anaweza kumaliza mahojiano bila kuifungua.

Nchi za Schengen zinafuata Kanuni ya Viza ya 2009. Hizo zinadai mambo mengi zaidi kwenye karatasi: mahali pa kulala, fedha za kujikimu, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hata hivyo, mgeni anaweza kutimiza yote hayo na bado akakataliwa kwa sababu afisa ana mashaka ya msingi kuhusu nia yake ya kuondoka kabla viza haijaisha. Kanada na Uingereza nazo zinauliza jambo hilo hilo kwa maneno yao.

Mashaka hayo hayakuanza jana, na sisi Wakongo tunajua sehemu ya historia yake. Mwaka 2003 mwanamuziki Papa Wemba alikamatwa Ufaransa, na mwaka uliofuata mahakama ya Bobigny ikamtia hatiani kwa kusaidia watu kuingia Ulaya kinyume cha sheria, wakipewa viza kama watu wa bendi yake. Mzee wa Nyankunde ambaye hajawahi kushika gitaa anafika dirishani akiwa amebebeshwa mzigo wa hadithi kama hizo. Si haki, lakini ndiyo hali, na dosye yake lazima iijibu.

Kuna jambo la pili, nalo ni letu wenyewe. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa, tunayoiita état de siège, na kila afisa wa viza anazo ripoti za vikundi vyenye silaha vya Djugu, Irumu na Mambasa. Vita vinavyomfanya mtoto atamani kuwaondoa wazazi wake walau kwa miezi miwili ndivyo vinavyomfanya afisa ashuku kwamba hawatarudi. Barua za mwaliko zinazosema "nyumbani hakuna usalama, tunataka wazee wapumzike" zimeandikwa kwa mapenzi makubwa, na zinajifunga zenyewe. Huna haja ya kudanganya kuhusu hali ya Ituri. Eleza tu sababu ya ziara: kumwona mjukuu, kuhudhuria harusi, kukutana na wazazi wa upande wa pili. Kama sababu halisi ni hofu ya kuuawa, hiyo si habari ya utalii. Ulinzi wa wakimbizi una sheria na milango yake, na kuupitisha chini ya viza ya matembezi kunaweza kuharibu vyote viwili.

Karatasi za mahali palipochomwa

Nyankunde si kijiji kilichojificha. Iko kilomita 45 hivi kutoka Bunia, katika eneo la Andisoma, teritwari ya Irumu. Tangu 1965, daktari Carl Becker alipokuja kutoka Oicha na mashirika ya misheni yakaunganisha nguvu, Centre Médical Evangélique imekuwa ikileta hapa madaktari, marubani na walimu wa uuguzi kutoka pande zote za dunia. Helen Roseveare, daktari Mwingereza, alifundisha hapa mpaka 1973. Wazee wengi wa leo walifanya kazi na wageni, wakala nao, wakawafundisha Kiswahili. Mkwe wa kizungu hakuwa kioja.

Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji wa Kingiti pamoja na askari wa APC, jeshi la waasi wa RCD-K/ML, waliivamia Nyankunde. Human Rights Watch ilikadiria kwamba katika siku zile waliuawa watu wasiopungua 1,200. Hospitali iliporwa na kuharibiwa, na walionusurika walitembea kwa miguu kuelekea Oicha na Beni. Nyumba inapochomwa, cheti cha kuzaliwa kinaungua pamoja na godoro. Aliyekimbia na mtoto mgongoni hakubeba cheti cha ndoa.

Matokeo yake yanaonekana leo dirishani. Mama mkwe mwenye umri wa miaka 65 anatakiwa kuonyesha kwamba yule aliyemwalika ni binti yake kweli, naye hana kitu zaidi ya kadi ya ubatizo na kadi ya mpiga kura. Hapo ndipo safari inapopaswa kuanzia, miezi mingi kabla ya neno viza kutajwa. Sheria ya familia ya Kongo, iliyotungwa 1987 na kurekebishwa 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Muda huo ukipita, njia ni kwenda mahakamani kuomba jugement supplétif, hukumu inayosimama mahali pa cheti. Na kwa mtu mzima, mlango wake ni Tribunal de paix. Katika état de siège mahakama za kijeshi zilichukua mashtaka ya jinai, lakini kesi za kiraia za namna hii zilibaki kwa mahakimu wa kawaida. Ukishapata hukumu, ipeleke kwa afisa wa hali ya raia aiandike kwenye daftari na kutoa cheti. Hukumu iliyolala kabatini haimsaidii mtu.

Ndoa nayo ina shida zake. Wengi wetu tulitoa mahari, wazee wakabariki, mchungaji akaombea, na hatukwenda kwa afisa wa serikali. Machoni pa jamii ndoa imekamilika. Machoni pa konsuli, baba na mama wanaoomba pamoja ni watu wawili wenye majina mawili tofauti wanaodai kuwa ni mke na mume. Ndoa ya kimila inaweza kuandikishwa, na sheria yenyewe inawataka wanandoa waiandikishe. Si aibu kwa wazee wenye wajukuu kwenda kuandikisha ndoa ya miaka arobaini. Aibu ni kuulizwa na mgeni kama mke wako ni mke wako.

Halafu kuna majina, na hapa familia za Kongo huumia kuliko majirani zao. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na watu wakaandikwa upya. Mzee aliyebatizwa kwa jina moja akapata kitambulisho cha Zaire chenye jina lingine, na baadaye jina la ubatizo likarudi mwishoni kama prénom. Tena kwetu mtoto halazimiki kubeba jina la baba. Anaweza kupewa la babu, la shangazi, au la tukio. Binti akiolewa Ulaya huenda akachukua jina la mumewe. Matokeo ni baba, mama na binti ambao kwenye paspoti hawana hata herufi moja ya kushirikiana. Usimwachie afisa akisie. Ukurasa mmoja unaoeleza kila jina lilikotoka, ukiambatana na vyeti, unaweza kuokoa dosye nzima.

Kwa watoto waliofika Marekani kwa kupitia kambi za Uganda, kama Kyangwali, kuna faili lingine la kukumbuka. Mkimbizi anapohojiwa kwa ajili ya kuhamishiwa nchi ya tatu, hutaja familia yake yote: nani yuko hai, nani amekufa, nani hajulikani aliko. Maelezo hayo yanahifadhiwa. Aliyesema mwaka ule kwamba hajui kama mama yake yuko hai, kisha akampata baada ya miaka, aeleze waziwazi jinsi alivyompata. Aliyetaja mjomba kama baba ili asiachwe nyuma ana jambo zito zaidi. Huyo asitume mwaliko wowote kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji wa huko aliko.

Kuandika sababu ya kurudi

Mshahara ndio ushahidi ambao maofisa wameuzoea: barua ya mwajiri, likizo iliyoidhinishwa, hesabu ya benki ya miezi sita. Muuguzi wa hospitali au mwalimu wa serikali anaweza kuvipata. Lakini tuchukue mfano wa mzee mkulima mwenye ng'ombe kumi na wawili, shamba la kahawa na maharage, na kiti cha mzee wa kanisa. Huyo ana mizizi kuliko karani yeyote wa Bunia, ila karatasi zake ni sifuri.

Shamba lake liko chini ya mila. Hana cheti cha umiliki kutoka ofisi ya ardhi, lakini chifu wa groupement anaweza kutoa hati inayotaja mahali shamba lilipo, mipaka yake, na tangu lini familia inalilima. Ng'ombe wanaweza kuthibitishwa na daktari wa mifugo kwa kumbukumbu za chanjo. Kanisa linaweza kuandika kwamba mzee ana jukumu fulani na kwamba ameruhusiwa kutokuwepo mpaka tarehe fulani. Shule inaweza kuthibitisha kwamba yeye ndiye anayewalipia wajukuu ada. Mstaafu wa hospitali aombe barua ya utumishi wake. Kila hati iwe fupi, na itaje tarehe, sahihi, na simu inayopokelewa. Barua kumi zenye maneno yale yale, zilizochapwa kwa kompyuta moja, huonekana kwa jicho moja kuwa zimetengenezwa mahali pamoja.

Kwenye fedha, kosa linalojulikana sana ni lile la kumtumia mzee dola elfu tatu wiki moja kabla ya kuomba viza, ili hesabu yake "ionekane vizuri". Inaonekana vibaya. Afisa anasoma hesabu kama historia, na historia ya miezi mitano ya dola arobaini inayomalizikia kwa furushi la ghafla inasema kwamba fedha si zake. Afadhali hesabu ndogo ya kweli, pamoja na maelezo kwamba safari italipwa na mwenyeji. Kama mzee anaweka akiba kwa M-Pesa, kwa ushirika au kwa likelemba (mchango wa zamu), aombe taarifa ya miamala au daftari la kikundi. Mkulima anayeuza kahawa kwa msimu hapati fedha kila mwezi, na hilo pia liandikwe.

Sababu ya kurudi inaweza kuwa mtu. Mara nyingi baba anabaki na mifugo na mama ndiye anayesafiri kwenda kumsaidia binti aliyejifungua. Mpangilio huo ni wa kawaida kwetu na unaeleweka hata kwa mgeni: mume, nyumba na wajukuu wengine wanamsubiri. Usiubuni kama haupo. Lakini kama ndivyo mlivyopanga, uandikeni.

Mwenye kualika anabeba nini

Sehemu ya mwenyeji si bure, ila inatofautiana kutoka nchi hadi nchi. Ubelgiji, anayealika anaweza kutia sahihi engagement de prise en charge kwenye komini yake. Huo ni mkataba: kwa miaka miwili anawajibika kwa gharama za maisha, za matibabu na za kumrudisha mgeni kwao ikibidi. Ufaransa inadai attestation d'accueil ya mairie, yenye stempu ya euro 30, na meya anaweza kutuma mtu kuikagua nyumba. Mkwe wa kizungu anapotia sahihi hizo anajifunga kisheria kwa ajili ya watu ambao huenda hajawahi kukaa nao meza moja. Wazazi wa huku wajue uzito wa jambo hilo kabla ya kusema kwamba mkwe wao hajali.

Kanada ina mlango wa peke yake, ile inayoitwa super visa, iliyoanzishwa 2011. Tangu Julai 2022 inamruhusu mzazi au babu kukaa hadi miaka mitano kwa kila kuingia. Masharti yake ni kipato cha kutosha cha mwenyeji na bima ya afya ya dola za Kanada 100,000. Lakini inahusu wazazi wa raia au wa mkaazi wa kudumu. Kama mume ni Mkanada na binti yetu bado hajapata ukaazi, wazazi wa binti hawaingii humo kwa jina la mkwe. Wasubiri karatasi za binti, au waombe viza ya kawaida.

Ulaya nako kuna njia ambayo familia nyingi hazijaambiwa. Agizo 2004/38 la Umoja wa Ulaya linawapa haki maalumu jamaa wa raia wa Ulaya anayeishi katika nchi ya Umoja isiyo ya kwake, na linawataja waziwazi wazazi wa mke au mume wake, mradi wanamtegemea. Mbelgiji aliyeoa binti wa Nyankunde na kuishi naye Lille yumo. Mbelgiji yule yule akiishi Namur, nchini kwake, hayumo. Kwa wanaohusika, viza hutolewa bila ada na kwa haraka. Hapo hoja inageuka. Kwenye viza ya kawaida mzee anajitahidi kuonyesha kwamba ana maisha yake na hamtegemei mtu. Kwenye njia hii anatakiwa kuonyesha kwamba anaishi kwa msaada wa watoto, kwa risiti za fedha walizomtumia kwa miaka. Ukichanganya njia mbili katika dosye moja, kila karatasi itapingana na mwenzake. Chagua moja kabla ya kukusanya hati.

Barabara ya kufika dirishani

Kutoka Bunia mpaka Kampala ni kama kilomita 300 kwa mstari wa ndege. Mpaka Kinshasa ni zaidi ya 1,700, na hakuna barabara ya kutegemewa. Kila mtu anauliza: kwa nini tusiombe Kampala? Kwa sababu Schengen inapokea maombi pale mtu anapoishi kihalali, na tangu Septemba 2025 Marekani nayo inawaelekeza waombaji wa viza za matembezi waende kwenye ubalozi wa nchi ya uraia au ya makazi yao. Mwenye makazi halali Uganda anaweza kujaribu huko. Mzee anayevuka Ziwa Albert kwa ajili ya mahojiano tu anaweza kupoteza ada na nauli.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ni ya Kinshasa: ndege ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, mtu wa kumpokea mzee asiyeujua mji. Kituo cha viza kinachoendeshwa na Ubelgiji, ambacho zamani kiliitwa Maison Schengen, hushughulikia maombi kwa ajili ya nchi kadhaa. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Ya Marekani ni dola 185 tangu Juni 2023. Na viza ikikataliwa, ada hairudi. Ongeza bei rasmi ya paspoti, ongeza na malipo yote yasiyo rasmi yanayojulikana. Kwa wazee wawili, kabla ya tiketi ya Ulaya, familia imeshatumia bei ya ng'ombe kadhaa. Sababu hiyo peke yake inatosha kuwafanya watu wasiombe kwa kubahatisha.

Wako pia mawakala wanaodai kuwa na "mtu ndani". Afisa wa viza hauzi nafasi kupitia kijana wa mtaani mwenye simu tatu. Kinachouzwa ni hati za benki za bandia, na zikigunduliwa mzee anabaki na doa la udanganyifu ambalo linaweza kumfungia mlango kwa miaka. Mzee mwenyewe huenda hakujua kilichomo kwenye bahasha. Kabla ya kuwasilishwa, dosye isomwe kwa sauti mbele ya mwombaji, kwa lugha anayoielewa.

Mahojiano yenyewe hayahitaji shairi la kukariri. Mama ajue jina na kazi ya mkwe wake, mji wanaoishi, siku ya kwenda na ya kurudi, na nani analipa. Asipojua jibu, aseme hajui. Akiulizwa anaenda kufanya nini, ukweli unatosha: binti amejifungua, ninakwenda kumsaidia kwa wiki sita kama desturi yetu ilivyo, kisha ninarudi kwa mume wangu kabla ya msimu wa kupanda. Hiyo ni tofauti na kusema kwamba atalea mtoto ili wazazi warudi kazini mwaka mzima. Hilo la pili linafanana na ajira, na tena muda wake hautoshi. Schengen inatoa siku 90 ndani ya kila siku 180. Marekani, muda wa kukaa unapangwa na afisa wa mpakani siku ya kuingia. Tarehe iliyo kwenye viza ya Marekani ni ya mwisho wa kuingilia, si ya kuondokea.

Na afya isiachwe dakika ya mwisho. Bima za safari kwa watu wa zaidi ya miaka sabini ni ghali, na nyingi hazilipii presha au kisukari ambacho mtu alikuwa nacho tangu awali. Mzee abebe dawa za muda wote wa ziara pamoja na barua ya daktari. Siku moja ya hospitali Marekani inaweza kummaliza mkwe kifedha kuliko mahari aliyotoa.

Tarehe ya kurudi ina thamani kuliko zawadi

Wazazi wakishafika, kuna sauti huanza kunong'ona: kaeni tu, nani atawajua? Watajulikana. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandika kuingia na kutoka kwa alama za vidole na picha. Marekani, aliyezidisha zaidi ya siku 180 anafungiwa miaka mitatu akishatoka, na aliyezidisha mwaka mzima anafungiwa kumi. Upande wa pili, anayerudi kwa wakati anajijengea jina. Kanuni ya Schengen, baada ya marekebisho ya 2019, inafungua njia ya viza za kuingia mara nyingi kwa mtu aliyezitumia vizuri zile za kwanza. Anayerudi anawafungulia pia mama mdogo na shemeji watakaoomba baada yake, maana swali kuhusu jamaa waliokwisha kusafiri huulizwa.

Viza ikikataliwa, soma sababu kabla ya kununa. Schengen inatoa fomu yenye sababu na haki ya kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa na nchi husika. Kwa 214(b) hakuna rufaa. Unaomba upya, na kuomba upya kwa karatasi zile zile ni kulipa ili usikie jibu lile lile. Rudi pale tu kitu kinapobadilika: ndoa imeandikishwa, hati ya shamba imepatikana, mmoja ndiye anayesafiri badala ya wote wawili.

Wakati huo huo, zaidi ya wazazi kwenda au wakwe kuja, kuna njia ya tatu, ya kukutana nchi jirani, nayo inafaa hasa kwa wakwe wa ng'ambo wanaotaka kuja kwetu kutoa mahari. Kuja Nyankunde kwenyewe kunahitaji viza ya Kongo, barua ya prise en charge, idhini za idara ya uhamiaji (DGM) na kadi ya homa ya manjano. Na kwa kuwa serikali nyingi zinawaonya raia wao wasifike Ituri, bima zao nyingi huacha kufanya kazi wakivuka mpaka. Wanaopitia Entebbe wajue pia kwamba viza ya Uganda ya dola 50 ni ya kuingia mara moja: wakipanda ndege ndogo kwenda Bunia, watahitaji nyingine wakirudi. Viza ya utalii ya Afrika Mashariki ya dola 100 inafanya kazi Uganda, Kenya na Rwanda tu. Kongo haimo, ingawa tuliingia Jumuiya mwaka 2022. Kwa hiyo familia zinaweza kukutana Entebbe au Kampala. Wazee wanashuka kutoka Ituri, wakwe wanatua kwa ndege, mahari inatolewa kwenye ukumbi wa kukodi. Baadhi ya wazee wataona si heshima kutoa binti nje ya kwao. Wanayo haki ya kuona hivyo, lakini tangu 2002 ukoo wenyewe umeshazoea kukutana nje ya kwao, Beni, Oicha, Kyangwali.

Kwa mwana aliye mbali anayepanga kuwaalika wazazi mwaka ujao, ushauri wangu ni kutotuma barua kwanza. Tuma nauli ya kwenda Tribunal de paix, na ada ya kuandikisha ndoa ya wazazi wako. Na kwa machifu, makanisa na hospitali za Irumu: fungueni daftari la kutoa hati sahihi, zenye namba na nakala, kwa bei ambayo mkulima anaiweza. Hati hizo zitamfaa mzee hata kama viza haitatoka, kwa kuwa siku ya urithi, ya mgogoro wa shamba au ya kuandikisha mjukuu shule, ataulizwa zile zile. Anayeanza huko atakuwa amejenga kitu kinachobaki mikononi mwa wazazi, liwe lolote litakalosemwa dirishani Kinshasa.